Jinsi ya Kufukia Mabonde Chini ya Macho Ukiwa Katoro

Kabla ya kutoa hata senti, hakikisha tatizo lipo. Katoro ni mji wa Geita ambao makarasha husaga mawe ya dhahabu usiku kucha, na mtu mwenye macho maangavu saa moja asubuhi ndiye wa kutiliwa shaka: ama kashuka kwenye basi jana, ama baba yake ana maduara. Sisi wengine tuna yale mabonde mawili, yanayoanzia kona ya jicho karibu na pua na kushuka mshazari hadi shavuni. Zamani yaliitwa uchovu, na dawa yake ilikuwa Jumapili. Siku hizi simu ina kamera ya mbele, saluni ina taa ya kupigia picha, na uchovu umepanda cheo ukawa kasoro yenye orodha ya matibabu.

Anza na kipimo, maana ndicho kitu pekee cha bure katika mwongozo huu. Shika kioo, vuta taratibu ngozi ya chini ya jicho. Weusi ukifuatana na ngozi, hiyo ni rangi yako, na huenda ni urithi, kamdai shangazi. Sasa washa tochi ya simu uimulike usoni kwa mbele. Weusi ukitoweka, hakukuwa na weusi, kulikuwa na kivuli: pale pana shimo, na shimo halijawahi kuzibwa kwa krimu. Ukiona ubluu wa mbali, ni mishipa inachungulia, kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko karibu popote mwilini. Na kama kope huvimba kila asubuhi kisha zikanywea mchana, weka kioo chini uende ukapime mkojo na presha. Huko si kwa mtu wa saluni.

Shimo lenyewe huja na umri: mafuta ya shavuni hupungua na kushuka, mfupa wa chini ya jicho ukabaki unajichora. Kukonda ghafla huharakisha kazi hiyo. Kula mlo mmoja kwa siku huku unasubiri mwamba uanze kutoa ni njia iliyothibitishwa hapa kwetu. Vumbi nalo lina mchango wake: jicho linawasha, unalisugua, na kusugua kila siku huacha weusi. Wakazi wa Nyarugusu na Rwamgasa hupata vumbi hilo nyumbani, bila gharama ya usafirishaji.

Kuhusu usingizi sitasema mengi. Ni tiba nzuri, madaktari wote wanaikubali, lakini mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa kipato cha kati na cha chini.

Basi tuingie dukani. Utakachooneshwa kwanza ni vibandiko vya dhahabu. Pakiti ni ndogo, na ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, vya njano, vinavyoteleza kwa ute. Nje pameandikwa 24K. Unavibandika chini ya macho, unakaa robo saa ukiwa na sura ya bundi aliyepata urithi, kisha unabandua. Ule ubaridi wa ute hunywesha uvimbe kidogo kwa muda. Kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini hufanya vivyo hivyo, ila hakina karati.

Mimi huvipenda vibandiko hivi kwa sababu ya ukamilifu wake. Mtu anashuka duarani na tochi ya kichwani, anatoka na kiroba cha mawe. Mawe yanakwenda karashani, unga wake unakwenda kuoshwa mwaloni, na kinachopatikana kinapelekwa kwenye soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, ambako kila chembe hupimwa na kukatwa tozo. Dhahabu inaondoka. Kisha kutoka ng'ambo, kupitia Kariakoo, kinarudi kibandiko chenye dhahabu kidogo kiasi kwamba hakuna mnunuzi pale sokoni ambaye angeiwashia mzani. Mara nyingi mng'ao wenyewe ni unga wa maika tu. Anayekinunua ni yule yule aliyeshuka shimoni, apate kutibu macho aliyoyaharibu akiitafuta. Ukitaka kuchagua kibandiko kizuri, chagua cha bei ya chini. Vyote vina ute.

Krimu ndizo zinazohitaji uangalifu, na hapa mchimbaji mdogo ana elimu ambayo binti wa Masaki hana. Geuza chupa au kopo usome maonyo. Ukikuta sentensi inayokutaka usiruhusu krimu iguse pete ya dhahabu, mkufu wa fedha au kitu cha alumini, wewe uliyewahi kukaa mwaloni huhitaji maabara. Kitu kinachoikimbilia dhahabu na kuing'ang'ania unakijua kwa jina: zebaki. Umeiona ikimiminwa kwenye beseni la mchanga mzito, ikakandwa kwa mikono, ikakamuliwa kwenye kitambaa hadi ikabaki donge la kijivu, kisha donge likachomwa jikoni watoto wakiwa jirani. Ndiyo hiyo hiyo. Ngozini huzuia utengenezaji wa rangi, ndiyo maana uso unang'aa kwa muda. Lebo nyingi hazitaji zebaki waziwazi. Zitakuandikia kalomeli, au jina jingine lolote linalosikika kama la mchungaji wa kigeni. Nyingine hazina lebo kabisa, kwa maana ni mkorogo, na aliyekoroga hakumbuki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Vipodozi, ambavyo awali vilisimamiwa na TFDA, tangu 2019 viko mikononi mwa TBS. Kisheria, basi, kopo lile halipo dukani. Muulize muuzaji, naye atakwambia halipo, kisha atainama chini ya kaunta.

Kwa uadilifu wa mwongozo lazima nitaje kwamba krimu ya zebaki, ukiitumia kwa bidii, inaweza kweli kuondoa mabonde chini ya macho. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini, na sehemu kubwa yao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Figo zikifika hapo, maji hujaa mwilini, na mahali pa kwanza panapovimba ni kuzunguka macho. Bonde limejaa, bila sindano. Miguu nayo itajaa, lakini hiyo hatukuilipia.

Zile tyubu za steroidi zinazouzwa kama peremende zina ujanja wake. Hung'arisha haraka, halafu hupunguza unene wa ngozi ambayo tayari ilikuwa nyembamba, mishipa ikazidi kuonekana. Zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ukifikia hatua hiyo, mabonde hayatakusumbua tena, maana hutayaona.

Ukishapita dukani salama, umebakiwa na matibabu ya wakubwa. Hayo utayafuata Dar es Salaam au Nairobi. Hospitali ya Mloganzila nayo imeingia kwenye upasuaji rekebishi na wa urembo. Safari si kisingizio tena. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo hata pantoni huwezi kuisingizia ukichelewa ndege Mwanza.

Inayovuma zaidi ni fila: sindano ya asidi ya hyaluroniki inayosukumwa chini ya ngozi kujaza bonde. Kwa lugha ya kwetu, ni mpango wa kufunga mgodi. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulipofikia mwisho wake mwaka 2021 kulikuwa na mpango wa nini kifanyike na shimo. Uso wako nao unastahili heshima hiyo. Tofauti ni kwamba fila huyeyuka yenyewe ndani ya mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi, na shimo hurudi likidai nyongeza. Ikiwekwa juujuu sana, ngozi hupata rangi ya bluu, kwa hiyo unaweza kulipa pesa nyingi ili uonekane umepigwa badala ya kuonekana umechoka. Na ikiingia kwenye mshipa wa damu unaokwenda jichoni, mtu anaweza kupofuka pale pale. Ni nadra, lakini imetokea.

Kwa hiyo muulize mtoa huduma maswali mawili, kwa upole, huku umeshika pochi. La kwanza: daktari, umesajiliwa na Baraza la Madaktari? La pili: ile dawa ya kuyeyusha fila unayo humu ndani, sasa hivi, nioneshe? Mtaalamu wa kweli atafungua kabati. Akianza kukuonesha picha za wasanii waliopita hapo, vaa viatu. Chumba cha nyuma cha saluni chenye pazia na feni hakifai kwa kazi hii hata kama feni ni mpya.

Kuna pia plazma: unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine hadi chembe nyekundu zishuke chini, maji yake ya njano unarudishiwa kwa sindano chini ya macho. Hurudiwa mara kadhaa, na matokeo yake ni ya wastani. Mtu wa Geita ataielewa haraka kuliko wote, kwa sababu ni uchenjuaji: mzigo ni wako, mashine ni ya mwingine, na unachorudishiwa ni kidogo kuliko ulichopeleka. Leza kwa ngozi nyeusi ni ya kuogopa kidogo. Mkono usio na uzoefu huacha weusi mkubwa kuliko ule uliokuja kuufuta. Na kama una vifuko vilivyotuna badala ya mabonde, fila si yako, upasuaji wa kope la chini ndio unaozungumzwa. Weusi wa kurithi nao una njia ya polepole isiyo na picha nzuri: kinga ya jua kila siku, kofia, acha kusugua, na miezi.

Ukirudi kazini, jiandae. Msimamizi atakuangalia usoni ataona mtu aliyelala vizuri. Zamu ya usiku ni yako.

Limebaki kundi moja ambalo kwao sura ya macho haijawahi kuwa jambo la urembo, nalo lipo Kishapu, Shinyanga Vijijini, Kahama na kote Geita. Ni bibi zetu. Kasoro yao inaitwa macho mekundu. Kanda hii ilifyekwa miti miaka mingi, kwanza kuwafukuza mbung'o, kisha kupisha pamba na ng'ombe, hadi mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yanayotengwa. Mahali kuni zilipokosekana, mwanamke alipikia mabua ya pamba na samadi kavu, katika jiko lisilo na dirisha. Ukifanya hivyo tangu uolewe hadi uwe na vitukuu, macho huwa mekundu. Halafu ng'ombe wa jirani anakufa, au mtoto, au shamba linabaki bila mwenyewe na mjukuu analitamani. Anatafutwa mchawi, na mpiga ramli chonganishi anafanya uchunguzi wake bila kioo wala tochi ya simu: anatazama macho. Matibabu aliyoyaandika huletwa usiku, kwa panga. Wanawake wengi wa Usukumani wameuawa hivyo, na kwenye maduka yote niliyowaelekeza hakuna krimu iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Kwa mteja huyu, mwongozo unakuwa mfupi na hauna utani. Ukienda kumsalimu, ukishamaliza mwangaluka zako, usimtolee kibandiko cha dhahabu. Mnunulie mtungi wa gesi wa kilo 6 na umwoneshe kuuwasha, mara nyingi, hadi auzoee. Mkakati wa serikali uliozinduliwa 2024 unataka Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mayu huyu hana sababu ya kusubiri foleni. Toboa dirisha jikoni. Mpeleke kliniki ya macho, maana huenda pamoja na moshi kuna trakoma au mtoto wa jicho, na hivyo vinatibika. Mwombe daktari aandike kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, nini kimeyafanya macho yale kuwa mekundu, agonge muhuri. Kisha kipeleke cheti hicho kwa mwenyekiti wa kijiji, akisome kwenye mkutano, na wajukuu wote wenye macho kwenye lile shamba wawepo.