Dalali Kaniachia Kazi Zake

Waliotuhimiza wasanii tukauzie mtandaoni walituahidi jambo moja: dalali basi. Utachora zako Same, chini ya Milima ya Upare, mnunuzi wa Oslo atanunua moja kwa moja. Kweli dalali kaondoka. Kazi zake zote kaniachia, kamisheni kaondoka nayo.

Asubuhi mimi ni mpiga picha. Natoa mchoro nje kabla jua halijachachamaa, na upepo wa Same unauwahi. Vumbi linanasa kwenye rangi mbichi, kisha mteja anauliza mbona anga lina chenga. Mchana ni karani: napima urefu na upana, naandika maelezo, natafuta bando. Usiku ni muuzaji. Bei nimeiandika chini ya picha, kwa tarakimu, lakini swali ni lile lile: "Bei?" Ukimjibu: "Mwisho ngapi?" Ukishusha, anakutumia vialama vitatu vya moto, halafu kimya. Moto huo ungekuwa unaivisha maharage, mkaa nisingenunua.

Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waje wamwone Mpare akijipunguzia bei mwenyewe usiku wa manane, tena kwa mtu asiyemjua hata ukoo.

Wageni nao wana yao. Niliweka mchoro wa Shengena, kilele kirefu kuliko vyote Upare, zaidi ya mita 2,400, na mashamba ya Chome chini yake. Mzungu mmoja akausifu sana, kisha akauliza theluji iko wapi. Nikamweleza kwamba Kilimanjaro ni mlima mwingine. Akasema anaelewa, ila niongeze theluji kidogo. Na simba. Nikamshauri tuchukue mnyama wa jirani: hapa tuna Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, yenye faru weusi na mbwa mwitu. Akajibu kwamba mbwa anaye nyumbani.

Mwishowe akaukubali mlima bila theluji. Ikabaki kulipa. Huku kwetu M-Pesa iliingia 2008, na mama anayeuza mahindi stendi analipwa kwa simu bila wasiwasi. Kampuni ya malipo anayoitumia Mzungu wangu ikaniambia akaunti yangu inaweza kutuma fedha, kupokea haiwezi. Yaani dunia nzima iko tayari kuniuzia. Nikampa namba ya benki, akaona gharama za kutuma, akaniaga kwa heshima zote.

Hapo ndipo ninapomwonea wivu marehemu Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, na picha zake zikauzwa pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Mteja alisimama, akatazama, akalipa, akabeba. Hakuna aliyemuuliza Tingatinga postikodi.

Shangazi yangu wa Gonja, yeye huiona ile mioto kwenye simu na kuihesabu kama fedha. "Mwanangu, siku hizi watu wote hao wanakusifu! Basi kwenye mchango wa harusi ya mdogo wako ongeza sifuri moja." Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo, lakini hizo ni sifa tu." Akasema, "Marahaba. Kama fedha huna, lete picha, tutainadi ukumbini."

Nikapeleka Shengena. MC hajamaliza hata kutaja bei ya kuanzia, mjomba mmoja akanyanyuka, akahesabu noti, akaitia picha kwapani. Hakuuliza mwisho ngapi. Fedha zikaenda kamati ya harusi, lakini moyo wangu ulijaa: hatimaye nimepata mtu anayeijua sanaa. Nikamfuata kumshukuru.

"Kijana, umechora vizuri," akaniambia. "Huu mti hapa ndio mpaka wa shamba la baba yangu kule Chome. Jirani anadai haukuwahi kuwepo."

Picha sasa ni kielelezo kwenye baraza la kata. Mimi nimeitwa shahidi, na nauli ya kupanda mlimani najilipia.