Nahodha, Baharia na Foromali

Wanaojifunza kuugeuza ubao wa tanga kwa kuupitisha katikati ya upepo huilaumu mikono yao, nayo mikono haina hatia. Ubao huu hauna usukani. Tanga lenyewe ndilo usukani: mlingoti umeshikwa na kiungo kinacholala kila upande, ukiulaza nyuma omo hupanda kuuelekea upepo, ukiulaza mbele omo hushuka. Mtoto anaweza. Balaa huanza omo inapoukabili upepo uso kwa uso, tanga linapigapiga bila kazi, na mwanafunzi bado yuko upande wake wa zamani, ambao sasa umekuwa upande wa kuogelea. Kwenye jahazi, foromali, ile boriti inayobeba tanga, ndiyo hupitishwa mbele ya mlingoti, tena na mabaharia kadhaa na kelele nyingi. Kwenye ubao anayepitishwa ni binadamu. Yeye nahodha, yeye baharia, yeye foromali, na wote watatu huanguka majini kwa pamoja.

Kinachowaangusha ni kusita. Kazi yenyewe ni kushika mlingoti na kupiga hatua mbili za haraka, macho yakitazama uendako. Mwanafunzi hufika mbele ya mlingoti akasimama kuhakikisha kwamba miguu yake ipo. Ipo, na ina uzito. Ubao wa kujifunzia hufika lita 200 na humbeba mtu mzima bila kunung'unika akisimama katikati. Akikawia omoni, karibu lita zote ziko nyuma yake, zinamtazama akizama. Watasema upepo ulikuwa mkali. Mbona basi upepo mwanana nao huwaangusha, polepole, kwa heshima zote? Tanga lisilo na upepo haliegemeki, na anayesita hutafuta cha kuegemea.

Wapo watakaouliza: si afadhali kugeuka kwa kupitisha tezi kwenye upepo, kama majahazi yafanyavyo mara nyingi? Afadhali, kwa mwenye bahari ya kutosha. Kila mgeuko wa namna hiyo hukuteremsha upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Wakati wa kusi, mwanafunzi wa Diani, pwani ya Kenya, asiyejua njia nyingine ataona Tiwi, kaskazini yake, bila kupanga, kisha atarudi kwa miguu, tanga begani, akimjibu kila muuza madafu swali lile lile: mbona upepo upo na wewe unatembea?