Namna ya Kukosea Kiitaliano kwa Kujiamini

Wewe uliyelelewa na Kiswahili usijisumbue. Kwetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Shuka nao hivyo hivyo Roma. Mwanzoni utang'ara: parLAre, parLAte, parLIAmo, zote zitakukubali. Usishuku kitu.

Ukifika nafsi ya tatu wingi, kaza mwendo uleule: parLAno. Wenyeji husema PARlano, kwa kuwa mkazo hukaa palepale ulipokuwa kwenye PARla, lakini hayo ni yao. Wao wana Abitano, wewe tamka abiTAno. Kilele ni hiki: ukitaka kusema kwamba mambo hutokea, ambayo kwao ni CApitano, sema capiTAno, na utakuwa umemtaja nahodha. Ukisukuma mkazo hadi mwisho, capitanò, tayari mtu ameshaongoza kikosi. Kwenye maneno marefu, alama ni lazima hapo tu, mkazo unapoangukia silabi ya mwisho. Kwingine gazeti halikuonyeshi kitu, kana kwamba wasomaji wote wamezaliwa Firenze.

Vitenzi vya -ere ni bahati nasibu: veDEre, lakini PRENdere, LEGgere, SCRIvere. Kamusi nzuri huonyesha mkazo, kwa hiyo usinunue. Na uwakwepe vijana wa ufukweni Malindi, waliojifunza kwa sikio kutoka kwa Waitaliano wenyewe. Watakuharibia kazi yote.

Halafu viwakilishi. Sisi tukibandika kiambishi, mkazo husogea: SOma, soMEni. Mwitaliano hubandika chake nyuma ya amri na mkazo haubanduki: teLEfona, teLEfonami. Akitaka umtengenezee kitu, FABbricamelo, silabi nne zinafuata nyuma bila mkazo, naye hata hahemi. Wewe sema fabbricaMElo, uone uso wake.

Lililobaki ni konsonanti maradufu, ambazo Waitaliano huzikata katikati: leg-ge-re. Sisi tunaosema mmea na mmoja hatuna kisingizio, ila tusiache kukitafuta. Tutazungumza ni par-le-re-mo. Tungezungumza ni par-le-rem-mo. Mkazo ni uleule, tofauti ni m moja tu. Ukikusudia ahadi, vuta hiyo m vizuri, kisha unyamaze. Mwenzako atabaki anakungoja umalizie: mngezungumza kama ingekuwaje?