Hama na Vyako

Asubuhi moja ya wiki jana, ukungu wa mlima Shengena ukiwa bado umekalia migomba na mimi nimevaa koti juu ya koti, mkuu wa shule alinisimamisha njiani. Akanisalimia kwa kirefu. Akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza mahindi, akafika mpaka kwa ng'ombe mwenye mimba. Huku Chome, Upareni, mtu akikusalimia hadi zizini, elewa kwamba kuna kazi ya bure inakuja.

"Fundi," akasema, "ile kompyuta kubwa imejaa. Walimu wakihifadhi kitu, inakataa. Hebu wafute walioondoka."

Alivyosema ungedhani ananiambia nifagie ukumbi.

Niseme mapema kwamba mimi si mwajiriwa wa shule. Mimi ni fundi wa redio. Shule ilipopewa kompyuta chakavu kumi na moja, pamoja na moja kubwa ya kuzihudumia (tunaiita seva, ingawa muda mwingi yenyewe ndiyo inayohudumiwa), alitafutwa mtu wa kuziangalia. Nikakutwa nimeshika bisibisi, kesi ikaishia hapo. Malipo yangu ni sahani ya makande saa nne na maneno "Mungu atakulipa". Makande siyalalamikii, Mpare atakayelalamikia makande hajazaliwa. Ila hayo malipo mengine naona bado yako kwenye foleni.

Mashine yenyewe inaendeshwa na Ubuntu, mtoto wa ukoo wa Unix. Ukoo huo ulianzia Marekani mwaka 1969, katika maabara za Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Jina Ubuntu limetoka kusini mwa Afrika, na sisi tunaosema utu hatuhitaji mkalimani. Lakini ndani ya utu huo wameweka amri inaitwa userdel. Unaiandika, unafuatisha jina la mtu, unabonyeza kitufe, kwisha habari yake. Haiulizi kama una hakika. Haiiti wazee. Haimpi mtu nafasi ya kujitetea. Kwetu Upareni, ambako tunataniwa kwamba mtu huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, amri ya namna hiyo ni uchokozi.

Nikafungua daftari. Mifumo ya ukoo huu ina faili linaloitwa passwd, na usidanganyike na jina, nywila hazimo tena. Zilihamishiwa faili jingine, shadow, ambalo mtu wa kawaida haruhusiwi hata kulichungulia. Kwenye passwd kila mtu ana mstari mmoja wenye vyumba saba, vimetenganishwa kwa nukta pacha: jina lake, alama ya x palipokuwa na nywila, namba yake, namba ya kundi lake, maelezo mafupi, nyumba yake ndani ya diski, na programu inayompokea mlangoni. Binadamu huanzia namba 1000. Chini ya hapo ni watumishi wa mashine yenyewe, na namba sifuri ni ruuti, mwenye kauli ya mwisho.

Shule wakati huo ilikuwa na walimu kumi na watatu. Daftari lilikuwa na binadamu arobaini na sita.

Mwaka 2016 Serikali ilipokagua orodha ya mishahara ikakuta wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, mimi nilicheka sana pale kijiweni. Nikasema, inakuwaje ofisi nzima isijue nani yupo na nani hayupo? Naomba radhi kwa wote niliowacheka. Kumwandika mtu ni rahisi kwa sababu yeye mwenyewe anakuja, amesimama mbele yako, ana haraka, anakuita kaka. Siku ya kuondoka haji. Anaagwa kwa pilau, anapewa shuka, anapigwa picha, alfajiri anapanda gari la kushuka Same. Wote wanaalikwa kwenye kuaga isipokuwa fundi, na daftari linabaki linaamini mtu yupo.

Humo nikamkuta mwalimu wa kujitolea aliyeomba ruhusa ya siku tatu akaoe, akaolewa yeye na mji, hajarudi. Nikamkuta mkaguzi aliyekuja siku moja, akadai akaunti yake, akala kuku, akaondoka na kuku mwingine. Nikamkuta mgeni, mgeni2, na mgeni_mpya ambaye upya wake una umri wa miaka minne.

Nikaanza na aliyekuwa mwalimu wa taaluma, sasa yuko Dodoma mwaka wa tatu. Nikaandika userdel na jina lake. Mashine ikanijibu kwamba mtumiaji huyo anatumika sasa hivi na shughuli fulani, ikanipa na namba ya shughuli. Anatumika? Mtu yuko Dodoma, anakula zabibu! Kuchungulia, kumbe bwana yule, kabla hajahama, aliacha kijiprogramu chake. Mchana kimelala, saa sita usiku kinaamka, kinanakili folda yake yote na kuipa tarehe mpya, kisha kinalala tena. Umeme ukikatika kinakufa, umeme ukirudi kinafufuka chenyewe, maana alikipanga hivyo. Miaka mitatu, kila usiku, nakala juu ya nakala. Hicho ndicho kilichokuwa kikiijaza diski, sisi tunamlaumu mwalimu wa Jiografia na picha zake za volkano.

Wazee wa huku hawatashangaa. Wanaijua ndiva, bwawa letu la asili, maji ya mfereji yanakusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mtu na zamu yake. Jirani yangu mmoja alihamia Tanga zamani, ameshazeeka hukohuko. Zamu yake haijawahi kukauka. Siku yake ikifika, maji yanafunguliwa na kijana mmoja mwenye jembe, ukimuuliza anakujibu kwa adabu zote, "Shikamoo, ni ya mjomba." Ile seva ilikuwa imejaa zamu za wajomba.

Wa pili alikuwa mwalimu wa michezo, amehamishwa muda mrefu. Huyu hakuwa na shughuli inayotembea, kwa hiyo nikapata ujasiri. Nikaongeza kile kiherufi cha r kinachoiambia amri imfute mtu pamoja na nyumba yake na barua zake. Sekunde moja, diski ikapumua. Nikaenda kula makande yangu nikiwa na raha.

Sikumaliza sahani. Mwalimu wa zamu alikuja mbio kama anakimbia nyuki. Mtihani wa kidato cha pili haupo! Nikauliza ulikuwa wapi. "Kwa mwalimu wa michezo." Mwalimu wa michezo aliyehama? "Ndiyo, Fundi, sote tunaingilia kwake. Nywila yake si ile iliyobandikwa ukutani, nyuma ya kalenda?" Yaani mwenye nyumba alihama, nusu ya ofisi ya walimu ikahamia. Mimi nikabomoa nyumba nikidhani ni gofu.

Kikaitishwa kikao. Ajenda ilikuwa mimi. Mzee mmoja wa bodi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta ila kwa kuifuta vumbi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kabla ya kumfuta mtu, uligonga mlango?" Sikuwa na jibu. Mtihani ulipatikana kwenye flashi ya mwalimu wa Kiswahili, Mungu ambariki, lakini lawama hazikurudi zilikotoka.

Nikaapa sitatumia ile r tena. Nikamfuta wa tatu, mwalimu wa mazoezi ya kufundisha aliyekuwa wa mwisho kuandikwa, nikamfuta kwa upole, nyumba nikaiacha. Kesho yake akaripoti mwalimu mpya wa Kemia, dada mmoja mpole. Nikamfungulia akaunti. Jioni akaniita pembeni. "Kaka Fundi, mbona nina maombi ya mkopo? Na hizi barua za mapenzi naandikiwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Mfumo haujui majina. Unajua namba. Jina ni kwa ajili yetu sisi tunaoitana. Mafaili ya yule wa mazoezi hayakuwa na jina lake, yalikuwa na namba yake, na nilipomfuta yakabaki na namba isiyo na mwenyewe. Mfumo unapompa mtu mpya namba, hufuata ile kubwa iliyopo sasa. Yeye alikuwa wa mwisho, kwa hiyo namba yake ikawa ndiyo inayofuata. Dada wa Kemia akarithi nyumba, deni na mchumba kwa siku moja.

Mtasema ningewafungia tu milango bila kufuta. Nilishajaribu. Mwaka jana nilifunga akaunti ya kijana aliyewahi kunisaidia pale, ambaye kwa kweli anajua kuliko mimi, na hilo ndilo lililoniuma. Nikatumia usermod na herufi kubwa L. Inachofanya ni kuweka alama ya mshangao mbele ya nywila iliyofumbwa, isifunguke tena. Nikajisifu kijiweni wiki nzima. Krismasi ikafika, milima ikajaa watu wa Dar es Salaam kama kawaida, na kijana akapita shuleni kusalimia. Akaunganisha kompyuta yake ya mapajani, akaingia bila kuulizwa chochote. Kumbe alikuwa na ufunguo wake wa kidijitali ambao hauhitaji nywila hata kidogo. Nilikuwa nimepiga kufuli mlango wa mbele, na yeye siku zote anapitia jikoni. Kumfungia mtu sawasawa, unatakiwa pia uipe akaunti tarehe ya mwisho iliyokwisha pita, na ufunguo wake uuondoe.

Na kuwaacha ndani ya daftari nako si salama. Ken Thompson mwenyewe, baba wa ukoo, jina lake na nywila yake iliyofumbwa vilibaki kwenye faili la passwd la toleo la zamani la BSD, tawi mojawapo la Unix, tangu zama zile nywila zilikuwa bado zinakaa humo. Faili likatunzwa, likanakiliwa, dunia ikaendelea na mambo yake. Mwaka 2019 watu wakaifumbua. Ilikuwa p/q2-q4!, namna ya zamani ya kuandika hatua ya kwanza kwenye mchezo wa sataranji. Kama mzee aliyeujenga mfumo imemkuta hivyo, nywila ya nyuma ya kalenda itapona?

Sasa sikilizeni kioja. Wapare kuandikwa hatukupendi. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu, wakaenda kukaa Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu habari hiyo. Basi wajukuu zao, nilipobandika ubaoni orodha ya watakaofutwa, walinipigia simu kutoka Dodoma, Moshi na Morogoro, wote wakali. "Fundi, usinifute, nina vitu vyangu humo." Vitu gani? Hawakumbuki. Watakuja lini? Mungu akipenda. Mmoja alinitishia baraza la kata. Kuandikwa hatutaki, na kufutwa hatutaki!

Nilichojifunza kwa kupigwa vikao ni hiki. Kwanza unamfunga, humfuti. Unasubiri kidogo, unasikiliza nani atapiga kelele. Kisha unatazama ana shughuli gani zinazotembea na zipi amezipanga ziamke zenyewe. Unanakili nyumba yake pembeni. Vya shule unavikabidhi kwa mwalimu aliyepo. Baada ya hapo ndipo unafuta, halafu unaiambia amri ya find ipite diski nzima ikitafuta visivyo na mwenyewe, kwa neno nouser. Waliowahi kukaa kwenye kikao cha mirathi wataona ni mambo yaleyale, isipokuwa hapa shangazi hazimii.

Nilifuata hatua hizo kwa siku nne. Arobaini na sita wakashuka hadi kumi na sita. Kumi na wanne ni walimu, wa kumi na tano ni mimi. Huyo wa kumi na sita jina lake ni jaribu, nywila yake ni jaribu, na yumo kwenye kundi la sudo, yaani ana ruhusa ya kuvaa kofia ya ruuti na kufanya lolote. Nikapandisha hasira zote. Nani mjinga huyu? Nikaangalia tarehe nyumba yake ilipojengwa. Ni siku ile ya kwanza kabisa, nilipokutwa na bisibisi.

Nimemfuta usiku, peke yangu, bila kubandika tangazo.

Kwa hiyo ndugu zangu walimu, na wote mnaohamahama: siku ya kuondoka, kabla ya gari la alfajiri, piteni kwangu dakika kumi. Nyumba yangu ni ile yenye antena mbili, chini ya njia ya msituni. Njooni na flashi, mchukue vyenu, mniambie mlichokipanga kiamke usiku. Makande yatakuwepo. Pilau ya kuagana mtakula huko huko ambako sijaalikwa.