Sisi Hatushindani

Ukitaka kuona watu wazima wakishindana mpaka mishipa ya shingo iwatoke, tafuta kikundi cha waendesha baiskeli kilichokubaliana kwamba leo hakuna kushindana. Sisi wa Jumamosi tunakubaliana hivyo kila wiki pale Mwenge, alfajiri, kabla ya kushika barabara ya Bagamoyo. "Mdogo mdogo tu jamani, tunatafuta afya," anasema mwenyekiti. Wote tunaitikia. Hata Tegeta hatujafika, kila mtu keshainamia usukani, na stori zimekwisha.

Zawadi hakuna. Kombe hakuna, wala fulana. Sasa mtu mwenye wajukuu na kikao cha bodi Jumatatu anatafuta nini kwa kutokwa na povu pale Boko? Anatafuta cheo. Ofisini cheo chake kiko kwenye barua, na barua haipandi kilima. Huku vyeo vinagawiwa upya kila wiki, na daktari bingwa anayeogopwa wodi nzima anamwita fundi friji "kaka mkubwa", kwa sababu ndiye anayemkinga na upepo.

Hilo la upepo lina siasa zake. Anayejibanza nyuma ya mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Basi tunaye mkurugenzi mmoja aliyejibanza tangu Mwenge. Zamu yake ya kukaa mbele ikifika, simu inaita. Kibao cha kuingia mjini kikionekana, anachomoka kama mwizi wa kuku, anakipita wa kwanza, kisha anageuka kutuuliza: "Kwani mlikuwa mnashindana?"

Tukifika kwenye supu ndipo mashindano ya pili yanapoanza, ya visingizio. Mmoja katoka kuumwa malaria. Mwingine tairi lake halikuwa na upepo wa kutosha. Wa tatu alikuwa anamsubiri mgeni asipotee, na mgeni mwenyewe tunamkuta ameshamaliza chapati. Siku dada yetu wa benki akituacha wote, visingizio vinazaa pacha. Yeye akiachwa husema, "Leo mmenizidi," anaagiza maji. Wanaume hawamwelewi kabisa.

Na vifaa je? Umoja wa kimataifa wa mchezo huu, UCI, hauruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Kitambi haukukiwekea kikomo. Ndiyo maana mwenzetu ameagiza magurudumu ya kaboni kwa bei ya bajaji ili apunguze gramu chache, huku akiongeza supu ya pili. Mwingine amenyoa miguu. Shemeji alipouliza kulikoni, alijibiwa kwamba ni mambo ya upepo, na nasikia nyumbani hakujatulia hadi leo.

Zamani ukimshinda mtu, alikuwa walau mbele ya macho yako. Siku hizi kuna Strava, programu ya simu inayopima kila kipande cha barabara na kumpa taji aliyekipita kwa kasi kuliko wote. Mtu analala mfalme wa Bunju, anaamka kapinduliwa na kijana asiyemjua. Kifungua kinywa hakipiti.

Waliokiri kwamba wanashindana hawana taabu hizi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Wanaume walipewa kilomita 267 za kupanda na kushuka. Mslovenia Pogačar akashinda. Walioanza walizidi 150, waliomaliza walikuwa 30. Wengine wote, wakiwemo mabingwa wenye mishahara yao, walishuka kwenye baiskeli kabla ya mwisho, na dunia ikaendelea kuwaheshimu. Kwetu hakuna anayeshuka. Tunafika wote, tena kila mtu na cheti chake cha daktari mdomoni.

Nimechoka. Jumamosi iliyopita nikapeleka hoja: kuanzia sasa mashindano yatangazwe wazi, anayeshinda apigiwe makofi, na atakayetoa kisingizio alipe supu ya kundi zima. Dada wa benki aliunga mkono papo hapo. Mkurugenzi simu yake ikaita. Mwenyekiti alisema hoja ni nzuri sana, anaikubali kwa asilimia mia, ila tuianze mwezi ujao, goti lake likipona.