Baraza la Mshauri: Haraka Iachiwe Mpira

Bwana Mshauri, nina tangi la samaki, urefu wake mita 1, upana sentimita 40 na kina sentimita 50. Kila Ijumaa huchota maji kwa kopo na kubeba ndoo mpaka uwani, toka alasiri hata magharibi. Mgongo umeniinama, na mke wangu amenuna kwa ajili ya zulia lake. Nifanyeje? – Hamali wa Nyumbani, Tanga.

Muhibu Hamali, tangi lako likijaa pomoni lina lita 200, na robo yake, ambayo ndiyo kadiri ya kutosha kubadilishwa kwa juma, ni lita 50; na kwa kuwa kila lita ni kilo moja, wewe hubeba kilo 50 ukitoka na kilo 50 ukiingia, ujira wako ukiwa ni kununiwa. Tafuta mpira, uuzamishe wote tangini hata ujae, uzibe ncha moja kwa kidole gumba, uiteremshe mpaka uwani, kisha uachie: maji yatajiendea yenyewe, na kadiri ncha ile ishukavyo ndivyo yatakavyokimbia. Usiyanyonye kwa kinywa kama utingo anyonyavyo petroli, kwani petroli japo haina kinyesi cha samaki. Ukipata mpira wenye kipenyo maradufu, mdomo wake huwa mpana mara nne. Ila ufunge wavu kwenye ncha ya ndani, wasije wadogo wakasafiri bila ya idhini. Na maji yale usiyamwage ovyo, kwani mchicha huyapenda.

Bwana Mshauri, mimi sina wakati wa kupoteza. Nilitoa maji yote, nikatia ya mfereji moja kwa moja, na kichujio nikakisugua kwa sabuni hata kikameta. Kazi nzima ilikwisha kwa robo saa. Asubuhi samaki wote wameelea chali. Nina jirani simwamini. Je, ni hasidi? – Mwenye Mbio, Mombasa.

Bwana Mbio, pokea rambirambi zangu, na jirani yako umtake radhi, maana hasidi ni yule unyoaye ndevu zake kila asubuhi. Klorini itiwayo majini ili kutulinda sisi na maradhi huunguza matamvua ya samaki. Na katika kile kichujio ulichokisugua walikuwamo vijidudu wema, ambao kazi yao usiku na mchana ni kuigeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, nayo naitraiti kuwa naitreti iliyo nyepesi wa madhara, na jamaa hao huchukua majuma kadhaa kujizalisha upya. Kichujio husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, bila ya sabuni. Maji mapya nayo yawekwe katika pipa lililo wazi kwa saa 24, klorini ipae na joto lilingane na la chumba, kisha pampu ndogo iyapandishe tangini wewe umekaa na kahawa yako. Lakini iwapo maji ya mjini kwenu yametiwa kloramini, kungoja hakufai kitu. Tia dawa ya kuiondoa.

Bwana Mshauri, samaki wa madimbwini ni nani awabadilishiaye maji? Mimi nimeazimia kuacha kabisa. – Mvivu Mwenye Hoja, Unguja.

Bwana Mvivu, hoja yako imefika kwao hasa, kwani kisiwani kwenu yuko samaki mdogo mwenye rangi za kupendeza, aitwaye na wataalamu Nothobranchius guentheri, akaaye katika madimbwi ya mvua. Na dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa, yakabaki mayai topeni kungoja mvua nyingine. Ikiwa waridhia kuzika ukoo mzima kila kiangazi, basi uiache kazi. La huridhii, tafuta mpira.

Kwenu nyote watatu fatwa yangu ni moja: harakisheni maji yatokayo, msiyaharakishe yaingiayo. Pipa lililojazwa Alhamisi alasiri huwa tayari Ijumaa alasiri, na tangu lijazwe mpaka wakati huo halihitaji mtu yeyote.