Jinsi ya Kumiliki Paa la Kuvua Bila Kulivua

Hongera. Umenunua, au unakaribia kununua, gari la porini lenye paa la kuvuliwa. Umelipa zaidi ya jirani yako mwenye paa la kudumu, ili upate kitu ambacho gari lake halina: uwezo wa kukosa paa. Usione haya, tunajuana. Hukununua upepo. Umenunua kuonekana ukiwa kwenye upepo, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Fuata hatua hizi nawe utavuna sifa zote za paa wazi, huku paa lenyewe likikaa mahali pake tangu siku ya kununua hadi siku ya kuuza.

Hatua ya 1: Jifunze ukoo wa paa lako

Mtu wa paa wazi lazima awe na historia ya kumwaga kijiweni. Anza na Jeep ya kijeshi ya 1941: turubai juu ya vyuma vya upinde, kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti, na milango hakuna. Eleza kwamba turubai lilichaguliwa kwa sababu ni jepesi, hukunjwa upesi, na halimcheleweshi askari anayetaka kuruka nje. Kisha hamia Amsterdam, Aprili 1948, Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Malizia na filamu ya Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika, ambamo John Wayne na wenzake wanakimbiza wanyama kwa magari ya wazi. Ukifika hapo nyamaza kidogo, tazama mbali, uache watu wafikiri ulikuwepo.

Mambo mawili usiyataje. La kwanza: Land Rover hiyohiyo, ilipotengenezewa nchi za joto, ilifungwa paa la pili juu ya paa la kwanza, na katikati pakaachwa nafasi ya hewa ili abiria wasiive. Waliolijua jua waliongeza paa, hawakupunguza. La pili: mafundi wa Arusha. Wao hukata paa la Land Cruiser na kulisimamisha juu ya nguzo fupi. Mgeni anasimama, anamwona simba, na kivuli kiko palepale kichwani. Watu wanaokula kwa kazi ya kutazama nje hawavui paa, wanaliinua. Mtu akiitoa hoja hii mbele za watu, agiza chai ya pili, ubadilishe mazungumzo.

Hatua ya 2: Chagua paa kwa kuangalia visingizio vyake

Wauzaji watakueleza habari za uzito, joto na kelele. Wasikilize kwa adabu. Swali lako ni moja tu: paa hili litanipa kisingizio gani?

Turubai ni tajiri wa visingizio. Zipu imeshika vumbi. Madirisha yake ya plastiki hukwaruzika yakifutwa makavu, kwa hiyo "nangoja niyaoshe kwanza". Na zaidi ya yote, turubai likikunjwa likiwa na unyevu hushika ukungu. Hayo yote ni kweli, na hakuna kisingizio kitamu kama kile cha kweli. Ukikaa mji wa pwani, turubai lako litakuwa na unyevu mwaka mzima.

Paa gumu la vipande, kama lile lililokuja na Jeep Wrangler ya 2007, lina kisingizio kimoja lakini kizito. Kipande cha nyuma kinafungwa kwa bolti, na kukinyanyua ni kazi ya watu wawili. Sema, "Namngoja mtu wa kushika upande wa pili." Mtu huyo asifike kamwe. Ila usimwambie yeyote kwamba vipande viwili vya mbele hutoka kwa kulegeza vifungo kwa mkono, bila spana, kwa muda wa kuchemsha chai.

Kipo pia kitambaa kifupi kinachofunika siti za mbele tu, ambacho Wamarekani, bila aibu, hukiita bikini. Hiki kinakufaa ikiwa unapenda sifa za gari la wazi na hujali yanayowapata abiria wa nyuma.

La kuogopa ni paa la umeme. Wrangler za kizazi kilichoanza na 2018 zinaweza kuwa na paa la kitambaa linalojikunja kwa kubonyeza kitufe, hata gari likikimbia karibu kilomita 97 kwa saa. Fikiria hatari yake: shemeji anasema "hebu fungua", nawe huna la kujibu. Ndilo paa la bei kubwa kuliko yote, na ndilo lisilo na kisingizio hata kimoja.

Hatua ya 3: Vua mara moja, piga picha za mwaka mzima

Lazima ulivue siku moja, kwa ajili ya ushahidi. Chagua Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa jua. Nenda ufukweni na begi la nguo: kanzu ya Idi, shati la kitenge la Krismasi, jezi ya Taifa Stars, koti la msimu wa baridi wa Lushoto. Badilisha, panda, tabasamu, shuka. Geuza gari ili bahari isionekane katika kila picha. Kisha achia picha moja kila mwezi, na chini yake uandike maneno machache, kama vile "Wikiendi ya kawaida".

Kuhusu bolti: zitie kwenye kopo la Blue Band, wala usiziweke juu ya boneti, maana hubingirika hadi mahali ambapo mkono haufiki. Vichwa vyake ni vya umbo la nyota na vina bisibisi yake maalumu. Ukiipoteza, ukamwita fundi mwenye haraka na bisibisi bapa, jicho la bolti litalika. Kuanzia hapo paa lako litakuwa la kudumu, nawe hutalazimika kusema uongo tena. Wapo wanaopoteza bisibisi kwa makusudi. Siwataji, ila nawaheshimu.

Ukimaliza kulirudisha, kopo likabaki na bolti mbili, usiogope. Sema kiwanda kiliweka za akiba.

Hatua ya 4: Usilale na paa nje

Picha zikipigwa, rudisha paa siku hiyohiyo. Paa gumu likiwa nje ya gari ni mgeni asiyeaga. Halipiti mlango wa stoo. Ukilisimamisha ukutani, upepo unaliangusha. Ukililaza chali uani, linajaa maji ya mvua na mbu wanaanza maisha. Ukilifunika, kuku wanahamia, na kuku akishaanza kutaga mama mwenye nyumba hatakuruhusu kulisogeza.

Hatua ya 5: Mshawishi anayesisitiza, kwa vumbi

Siku itafika mtu atasisitiza. Usibishane naye. Mkubalie kwa furaha, umkalishe siti ya nyuma, kisha ufungue sehemu moja tu: pazia la nyuma. Madirisha ya mbele yote yafunge.

Hesabu yake ni hii. Gari lenye mgongo wa bapa likikimbia huacha nyuma yake pengo la hewa. Hewa ya pembeni hukimbilia kulijaza, ikibeba vumbi lote lililotimuliwa na magurudumu. Ukifungua nyuma na kufunga mbele, vumbi linavutwa ndani moja kwa moja. Baada ya kilomita chache nyusi za shemeji zitakuwa na rangi ya matofali, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuomba ufunge. Funga bila kuchelewa, kwa sababu moshi wa ekzosi nao hupita njia hiyohiyo, na huo si wa kufanyia mzaha.

Dawa ya vumbi unaijua, lakini iweke moyoni: fungua matundu ya hewa ya mbele, washa feni kwa nguvu, funga nyuma. Hewa ikisukuma kutoka ndani, vumbi hukosa pa kuingilia. Ukiitangaza siri hii, watu watafurahia safari, na watataka nyingine.

Ukiwa Tarangire huhitaji hata vumbi. Ndorobo hufuata kitu kikubwa kinachotembea, hasa cha rangi nyeusi au buluu iliyokoza. Mkaribishe shemeji aliyevaa shati la buluu asimame juu, uendeshe polepole. Kabla ya kona ya pili atakuwa amejifunza thamani ya paa.

Hatua ya 6: Ikaribishe mvua

Masika ni rafiki yako, kwa kuwa hakuna anayekuuliza habari za paa wazi mvua ikinyesha. Tatizo ni pale mvua inapokukuta siku ileile ya picha. Usisimame katikati ya barabara kuhangaika na zipu, maana hapo ndipo mtu huonekana mwanafunzi. Ingia kituo cha mafuta, simama chini ya paa lao, agiza upepo wa matairi, ongea na simu. Mvua ikikatika, ondoka kama mtu aliyemaliza shughuli zake.

Ukilowa, usilaumu gari. Wrangler ina vizibo sakafuni vya kutolea maji, maana yake mtengenezaji alikujua kabla hujazaliwa. Turubai la pamba nalo lina tabia yake: likilowa nyuzi huvimba na kuziba matundu, lakini ukiligusa kwa ndani, hapo ulipogusa huanza kudondosha. Kwa hiyo waambie abiria waweke mikono mapajani, watulie.

Paa likikuaibisha, kumbuka wakubwa pia huaibika. Mwaka 2021 Ford iliirudisha Bronco sokoni, na mwaka huohuo ikalazimika kuahidi kubadilisha mapaa magumu ya magari yaliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu maji mengi na unyevu vilikuwa vinayaharibu sura. Paa la gari la porini lilishindwa na unyevu! Wewe ni nani hata uone haya?

Hatua ya 7: Mwachie mwizi mlango

Ukiwa na turubai, usifunge milango kwa ufunguo. Mwizi mwenye kisu hahitaji mlango, na turubai jipya ni ghali kuliko miwani na chaja atakazoziona ndani. Ondoa kila kitu, acha mlango wazi, acha na shilingi mia mbili kwenye dashibodi ili asikasirike.

Hatua ya 8: Hapa usifanye ujanja

Nisikilize kwa dakika moja bila kucheka. Hakuna paa la kuvua linalokulinda gari likipinduka. Vitabu vya Wrangler vyenyewe vinasema waziwazi kwamba paa ni kinga ya hali ya hewa, si kitu cha kukuzuia usirushwe nje. Kinachokulinda ni vyuma vya kinga vilivyo juu ya kichwa chako na mkanda ulio kifuani. Uwe umevua paa au hujavua, funga mkanda. Sifa za gari la wazi huzifurahii ukiwa umelazwa hospitali.

Haya, tuendelee kudanganya.

Hatua ya 9: Uza kwa fahari

Baada ya miaka michache utataka gari jingine, pengine lenye paa la kioo, ambalo nalo hutalifungua. Hapo ndipo subira yako italipa. Katika tangazo weka zile picha za ufukweni, zote, pamoja na ya jezi. Chini yake andika: "Paa halijaguswa tangu kiwandani." Usiogope kwamba picha na maneno vinapingana. Mnunuzi hatauliza. Amekwisha kujiona ndani ya picha, na wakati huohuo anataka mipira isiyochoka na zipu zisizoshika vumbi. Anataka alichotaka kila aliyewahi kununua gari la aina hii: paa linalovulika ambalo halijawahi kuvuliwa.

Hesabu fedha, mpe kopo la Blue Band, mwambie bolti zilizomo ni za akiba. Kisha ondoka upesi, kabla hajakuomba umwonyeshe linavyovuliwa.